Mtoto wa Malindi kwenye magari ya spoti: njia ya kupitia gokati, hatua kwa hatua

Mpwa wangu alipokuwa na miaka tisa aliingia karakana kwangu akasema, "Shikamoo mjomba. Nataka kuwa dereva wa mbio." Nikamwitikia marahaba, nikamwambia amalize kwanza juzuu amma, ndipo tuzungumze. Nilidhani nimemmaliza. Baada ya miezi mitatu alirudi na mwalimu wake wa chuo kama shahidi.

Sasa ana miaka kumi na tano, na mimi fundi wa tuktuk nimejikuta najua mambo ya mbio ambayo sikuyatafuta. Mwaka huu wazazi watatu wa hapa Malindi wamenifuata kuuliza njia. Nayaandika hapa, wa nne nimwelekeze tu asome.

Hatua ya 1: Jua unaelekea mlango upi

Mtu akisikia mbio za magari anawaza Formula 1. Kule viti ni vichache mno: hadi 2025 vilikuwa 20 dunia nzima, na tangu 2026 timu zimefika 11, yaani viti 22. Sasa tazama mbio za saa 24 za Le Mans, kule Ufaransa. Mwaka 2025 walipanga magari 62, kila gari madereva watatu. Hao ni watu 186 kwa mbio moja, na mwaka una mbio nyingi za aina hiyo Ulaya, Marekani na Asia. Wengi huendesha daraja la GT3, magari ya spoti yenye sura ya yale ya dukani, Porsche 911, Ferrari 296, BMW M4, ila yamevuliwa kila kitu na kutiwa nguvu za farasi mia tano na ushei.

Hiyo idadi ni nusu ya habari. Nusu ya pili iko kwenye sheria. FIA, shirika la mbio la dunia, huwagawa madereva wa magari ya spoti mafungu manne: Platinamu, Dhahabu, Fedha na Shaba. Shaba mara nyingi ni tajiri aliyeanza mbio ukubwani, mwenye kampuni zake, anayependa gari na anayelipa bili. Fedha ni kijana mwenye kasi ambaye bado hajajenga jina. Kwenye WEC, mashindano ya dunia ya mbio ndefu kama Le Mans, daraja la LMGT3 (ndilo la magari ya GT3), kila gari lazima liwe na Shaba mmoja, na wa pili asizidi Fedha. Maana yake kila timu, itake isitake, inamtafuta kijana wa Fedha aliye mwepesi kuliko fungu lake, na ambaye yule tajiri atavumilia kukaa naye wiki nzima. Kijana anayeanza leseni yake mapema kwa kawaida huangukia hapo hapo kwenye Fedha.

Ajabu yake ni kwamba ukishinda sana wanakupandisha Dhahabu, na kile kiti unakikosa. Nimesoma malalamiko ya madereva waliopandishwa cheo kana kwamba wamefungwa jela.

Kwa hiyo mtoto wako akisema Formula 1, usimkatishe tamaa. Mwanzo ni ule ule. Lewis Hamilton, bingwa wa Formula 1, alianza gokati, vile vigari vidogo vya mbio visivyo na paa, mwaka 1993 akiwa na miaka minane, baba yake akifanya kazi zaidi ya moja ili kulipia. Njia zinaachana baadaye, karibu na miaka kumi na tano.

Hatua ya 2: Mpeleke akajaribu kabla hujanunua hata glavu

Viwanja vya gokati tunavyovijua sisi viko Nairobi na kando yake: GP Karting, Barabara ya Lang'ata, na Whistling Morans, Athi River. Piga simu kwanza, maana viwanja hivi hukodiwa kwa sherehe na hukuti nafasi. Kwa Athi River tuliona afadhali treni ya SGR inayosimama vituo vya njiani, kwa kuwa inashusha hapo hapo Athi River. Tunalala Mombasa kwa shangazi yake, alfajiri tunaelekea Miritini.

Mkodishie vipindi vitatu siku moja. Asiendeshe kimoja akashuka, utakuwa umelipia msisimko tu. Halafu omba karatasi ya muda wa kila mzunguko, na hapo usifanye kosa nililofanya mimi. Mara ya kwanza nilitazama mzunguko wake bora peke yake, nikafurahi. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza injini pembeni akanichukulia karatasi, akapitisha kidole chini ya namba zote, akaniuliza, "Na hii? Na hii?" Mzunguko mmoja sekunde 38, unaofuata 41, unaofuata 39 na nusu. Pembeni kulikuwa na karatasi ya msichana mmoja mdogo ambaye hakufika 38 hata mara moja, lakini mizunguko yake kumi yote ilikuwa ndani ya nusu sekunde. "Huyu ndiye dereva," akasema. Mpwa wangu alinuna mpaka Voi.

Tafuta usawa huo. Kasi hufundishika. Mtoto anayerudia kitu kile kile mara kumi bila kuchoka wala kukasirika, huyo una kazi naye.

Hatua ya 3: Mweleze gokati ni chombo gani

Hapa fundi wa tuktuk ana faida, nawe unaweza kumtumia fundi wako.

Sote tumeona tuktuk ikikata kona kwa pupa pale mzunguko wa barabara, gurudumu la nyuma la ndani likaruka hewani na abiria wakataja Mola wao. Kwenye tuktuk hiyo ni hatari. Kwenye gokati ndiyo dawa. Gokati haina difu: ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, magurudumu yote mawili yanazunguka kwa mwendo mmoja. Kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo la ndani lisiponyanyuka kidogo linaburuta, na gokati inakataa kugeuka. Haina springi wala shokamzoba. Chasi yenyewe ndiyo hujipinda kama upinde na kulinyanyua gurudumu. Mtoto akilielewa hili, ataacha kupigana na usukani. Atageuza mara moja kwa uhakika, atausubiri mwili wa gokati ujipinde, kisha atafungua usukani mapema iwezekanavyo, maana gurudumu likikaa hewani muda mrefu linakula mwendo.

Breki nazo, kwenye gokati nyingi zisizo na gia, ziko nyuma peke yake. Akikanyaga kwa nguvu huku ameshageuza, mkia unapita mbele. Basi afunge breki akiwa amenyooka, na akaribiapo kona aachie kidogo kidogo, kama mtu anayelegeza kamba ya mashua na siyo anayeitupa.

Kabla hajapanda, mtembeze uwanja mzima kwa miguu. Aone lami iliyopasuka ni wapi, maji hutuama wapi, ukingo upi uko chini kiasi cha kupandwa. Baadaye auchore kwenye daftari kwa kumbukumbu yake. Mpwa wangu ana daftari la mia mbili limejaa michoro inayofanana na minyoo.

Na jambo ambalo sitalizungumza mara mbili: hakuna mazoezi barabarani. Si Casuarina usiku, si barabara ya Mombasa, si kwa pikipiki ya kaka yake.

Hatua ya 4: Kununua gokati ya mkono wa pili

Msimu wa kwanza kodi tu. Ukishaona mtoto amekaa, ndipo ununue chasi iliyotumika, na uje na fundi. Mimi nilijiona fundi, nikaenda peke yangu, nikarudi na hasara.

Ilikuwa imepakwa rangi nyekundu mpya inayong'aa. Rangi mpya kwenye chuma kikuukuu ilitosha kunishtua, lakini mtoto alikuwa ameshakaa ndani anageuza usukani. Nikalipa. Tulipofika nyumbani nikafanya kipimo ambacho ningekifanya pale pale kwa shilingi hamsini. Chukua msasa, kwangua rangi kwenye maungio ya chuma, hasa karibu na vishikio vya beringi za ekseli na miguu ya kiti. Paka mafuta ya taa. Subiri nusu saa. Futa mpaka pakauke kabisa, kisha sugua chaki nyeupe juu yake. Kama chuma ni kizima, chaki inabaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka taratibu na kuchora mstari. Wetu ulijichora upande wa kulia, mwembamba kama unywele, urefu wa kidole. Tuliuchomelea, na baada ya mashindano mawili ukafunguka tena inchi moja kando. Chasi inayofanya kazi kwa kujipinda haipendi kovu.

Pitisha pia mkono chini ya mabomba ya chasi. Yakiwa bapa badala ya mviringo, yamesuguliwa sana na kingo za uwanja, na chuma kimekuwa chembamba. Zungusha ekseli uone kama inayumba. Injini isikusumbue sana: ukichagua familia kama Rotax, ya 125cc na yenye lakiri ya mafundi walioidhinishwa, uliza ilifunguliwa lini mara ya mwisho na imeendeshwa saa ngapi tangu hapo.

Mavazi usinunue ya kubahatisha. Helmeti ya mtoto iwe ile ya watoto, nyepesi, yenye alama ya Snell-FIA CMR, kwa sababu ya pikipiki inamlemea shingo. Kinga ya mbavu ni lazima. Kiti cha gokati hakina huruma na gurudumu likipanda ukingo mbavu ndizo zinazojibu. Ovaroli ya gokati imeshonwa ili isichanike mtu akiburuzwa kwenye lami. Haizuii moto. Weka neno hilo akilini mpaka hatua ya 8.

Kisha kuna adui wetu wa Pwani. Gokati ikikaa kibandani hapa wiki mbili bila kuguswa, hewa ya chumvi inakula cheni, beringi na nyaya za breki. Ioshe kwa maji baridi ya bomba (si ya kisima chenye chumvi), ikaushe, cheni uivue na kuilaza kwenye oili, kabureta uikaushe petroli yote na kuiziba mdomo. Mimi naifunika kwa shuka kuukuu la pamba. Turubai la plastiki linanasa unyevu ndani, na asubuhi utakuta chuma kinatoka jasho.

Hatua ya 5: Leseni na mashindano

Mbio nchini zinasimamiwa na Kenya Motor Sports Federation, KMSF. Leseni ya mashindano inatoka kwao na haihusiani na ile ya udereva ya miaka 18. Watakudai cheti cha kuzaliwa, idhini ya mzazi na uthibitisho wa afya. Mnaojua mambo ya vyeti huku Pwani hamhitaji kuelezwa: anzeni mapema, na pasipoti iombeni wakati huo huo kwenye eCitizen hata kama safari haionekani.

Mbali na gokati kuna autokrosi, mbio za kwenye vumbi, zenye madaraja ya watoto wanaoendesha vigari vidogo. Si njia ya moja kwa moja kwenda kwenye lami, ila inafundisha mikono kitu ambacho lami haifundishi: gari likiteleza, usishtuke. Nchi hii damu yake ni rali. Mwaka 2022 Maxine Wahome alishinda daraja la WRC3, moja ya madaraja ya chini ya ubingwa wa rali duniani, kwenye Safari Rally, na mwaka huo huo McRae Kimathi alikwenda kushindana kwenye theluji ya Sweden. Mtoto akivutwa huko, mwache aende, ni mlango mwingine na mwongozo mwingine.

Wenye mabinti wananiuliza kwa sauti ya chini kama hii ni kazi yao. Mwaka 2023 gari la Iron Dames, lenye wanawake watatu, lilishinda daraja lake kwenye mbio za WEC za Bahrain dhidi ya wanaume. Na yule msichana wa karatasi ya muda, sijamsahau.

Hatua ya 6: Simuleta

Fupi tu. Pleisteshen za mtaani zenye kishikio cha vidole hazifundishi kitu. Usukani wenye pedali, hata uliotumika, ukiunganishwa na mchezo makini wa magari ya GT3, unafundisha viwanja vya Ulaya ambavyo mtoto hatavifikia kesho. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda shindano la GT Academy mwaka 2011 akitokea kwenye mchezo wa video, na 2013 alihesabiwa wa tatu kule Le Mans katika LMP2, daraja la magari yaliyoundwa kwa mbio tu. Saa moja kwa siku, kuwe na lengo. Na tokeni za stima anunue yeye.

Hatua ya 7: Kiitaliano, na pesa

Hapa ndipo Malindi tunapowazidi wa Nairobi, na wengi hawajui.

Moyo wa gokati duniani uko Italia ya kaskazini, pembezoni mwa Brescia na Ziwa Garda. Uwanja wa Lonato uko hapo. Tony Kart hutengenezwa huko, CRG huko. Mafundi wa karakana hizo wanaongea Kiitaliano siku nzima na Kiingereza chao ni cha kuombea chumvi. Na sisi je? Mji huu muuza vinyago anajua Kiitaliano, mwenye tuktuk anajua, mpwa wangu alijifunza kwa kumsaidia mama yake kuuza matunda kwa wageni. Flavio Briatore, aliyekuwa mkuu wa timu za Benetton na Renault zilizotwaa ubingwa wa Formula 1, amekuwa na hoteli hapa hapa.

Sisemi ukasimame getini kwa mtu. Nasema mtoto afundishwe Kiitaliano cha karakana: tairi, shinikizo la hewa, mbele inakataa kugeuka, nyuma inateleza. Dereva anayeweza kumweleza fundi kwa lugha ya fundi kilichotokea kona ya tatu ana thamani kuliko mwenye kasi asiyeweza kueleza. Mzee mmoja Mwitaliano, jirani yetu aliyestaafu, humkalisha mpwa wangu Jumapili barazani na kumuuliza gokati ilifanya nini. Akijibu "ilikuwa mbaya", mzee anamrudisha nyumbani.

Pesa. Gharama inayokula zaidi kwenye gokati ni matairi, halafu injini, halafu usafiri, na huku kwetu usafiri unapanda juu. Gokati ya kimataifa na Formula 4, ngazi ya chini ya magari ya kiti kimoja yanayoelekea Formula 1, ni gharama za ulimwengu mwingine. Msimu mmoja wa Formula 4 Ulaya unahesabiwa kwa mamia ya maelfu ya euro. Hakuna karakana ya tuktuk inayolipa hiyo, kwa hiyo usiuze shamba la babu. Nimemwona mzazi akifanya hivyo, na mtoto akaendesha kila mbio akiwa amebeba minazi yote mgongoni.

Ukienda kuomba udhamini hotelini, nenda na ombi dogo lenye umbo. Usiseme "mtusaidie." Sema: "Tunahitaji tairi seti moja Februari." Au vyumba viwili, au usafiri wa kubeba gokati hadi Nairobi. Nenda wakati wageni wapo na meneja ana furaha, Desemba hadi Machi au Agosti. Mei mvua ikinyesha na hoteli ziko tupu utafukuzwa kwa adabu. Unachotoa ni nembo yao kwenye ovaroli na gokati, pamoja na kijana anayeweza kukaa na wageni wao jioni akawasimulia mbio kwa Kiitaliano. Baada ya kila shindano wapelekee ripoti ya ukurasa mmoja, hata kama alimaliza wa mwisho. Hasa kama alimaliza wa mwisho, na kwa nini.

Hatua ya 8: Kuvuka kuingia kwenye gari

Kati ya miaka 14 na 18. Uingereza kuna Ginetta Junior, mbio za magari madogo ya spoti kwa wa miaka 14 hadi 17. Kuna makombe ya gari la aina moja, kama Porsche Carrera Cup za nchi mbalimbali, na kuna GT4, daraja la chini ya GT3. Kwa Mwafrika mfano ninaoupenda ni ndugu wawili wa Afrika Kusini, Kelvin na Sheldon van der Linde. Walianzia gokati nyumbani, wakaendesha magari madogo ya Volkswagen huko huko, kisha Ujerumani. Kelvin alitwaa ubingwa wa ADAC GT Masters, mbio za GT3 za Ujerumani, mwaka 2014 akiwa na miaka 18, akishirikiana na René Rast. Sheldon akachukua DTM, ubingwa mwingine mkubwa wa Ujerumani, mwaka 2022. Hawakupitia ngazi ya Formula. Afrika Kusini ina viwanja vya lami vya maana, Kyalami kikiwa kimojawapo, na ni karibu kuliko Ulaya.

Mambo yatakayomshtua akiingia ndani ya gari: kwanza uzito, kutoka gokati ya kilo mia na kitu akiwa ndani mpaka tani na robo. Gari linajibu kwa kuchelewa, na mikono ya gokati ina haraka. Pili, GT3 ina ABS, mtambo unaozuia magurudumu yasijifunge kwenye breki, kwa hiyo breki inakanyagwa kwa nguvu zote za mguu, kisha inaachiwa polepole kuelekea ndani ya kona. Tatu, joto. Ndani ya gari kunaweza kupita nyuzi 50. Hapo mtoto wa Malindi hana haja ya kufundishwa sana, ila akimbie mchangani maji yakiwa yamekupwa, na azoee kunywa kabla hajasikia kiu. Nne, analigawana gari na wengine. Kiti, vioo, pedali, vyote ni vya mapatano, na akimkabidhi yule tajiri wa Shaba gari lenye matairi yaliyoungua, hataitwa tena.

Na sasa ile ovaroli: ya gokati haimfai kwenye gari. Anahitaji ya kuzuia moto, yenye alama ya FIA, pamoja na nguo za ndani za aina hiyo hiyo, soksi mpaka kitambaa cha uso, na HANS, kile kifaa cha mabegani kinachoshika helmeti shingo isivunjike gari linapogonga.

Hatua ya 9: Mkataba

Mpeleke wakili asome. Akikosekana wakili wa michezo, wa ardhi anatosha, mradi ni mkali. Kabla hata ya wakili, muulize mwenye timu: gari likigongwa, nani analipa, na mpaka kiasi gani? Wakodishaji wengi wa viti humtwika dereva gharama ya kwanza ya kila ajali, na bampa la mbele la GT3 pekee linaweza kumaliza udhamini wa mwaka mzima. Waandike kiwango kwa tarakimu, waandike kama ni kwa kila ajali au kwa msimu, na waandike nani anaamua kwamba kosa ni la dereva. Wakisema "hilo tutaelewana", kunja karatasi, shukuru kwa chai, toka.